Ngwali na Maradhi Yasiyo Yake

Bi Siti wa Mgogoni alikuwa na jawabu moja kwa kila aliyemuuliza mwanawe anafanya kazi gani. "Yuko kwenye afya," husema, kisha hugeuza maneno na kuuliza habari za muhogo. Hakuwa akisema uongo. Mwanawe, Ngwali Faki, alikuwa kweli kwenye afya. Lakini afya ni pana, na sehemu aliyoangukia Ngwali ndiyo ile ambayo mama wa watu hawezi kuitaja mbele ya wakwe.

Ngwali alikuwa mtafiti, na alichokitafiti ni maisha ya wanaume wenye mabusha.

Kisiwani mtu mwenye adabu zake hasemi busha. Husema mshipa, au maradhi ya kiume, au hasemi kitu, hutazama chini tu na wewe unafahamu. Ni uvimbe unaotokana na mbu, hukua polepole kwa miaka, na mwanamume aliyepatwa nao hujificha. Haendi arusini, haendi kutazama mpira, msikitini husali safu ya nyuma pembeni, na vazi lake kutwa ni msuli, shuka pana ya kujifunga kiunoni. Upasuaji wake si mkubwa. Lakini kwenda kupasuliwa ni kukiri kuwa unao, na hapo ndipo pazito. Mradi uliomwajiri Ngwali ulitaka kujua watu hao wanaishi vipi na kwa nini hawaji hospitali. Mkuu wake, Dokta Khairat, mwanamke wa Unguja asiyeona haya ya ugonjwa wowote, alimchagua kwa sababu ni kijana wa pale pale, ana ulimi mwepesi na ana subira.

Alikuwa na kasoro mbili ambazo hakuzitaja alipoomba kazi. Akiona damu au sindano hulegea, na akipanda juu ya kitu kirefu kuliko kiti magoti humtetemeka. Mwanamume wa Pemba anayeogopa mkarafuu naye ana lake la kuficha. Tangu utotoni, msimu wa karafuu ukifika, Ngwali alikuwa hodari wa kukaa jamvini na wanawake kuchambua karafuu na makonyo yake, na wenziwe wakimwita toka juu ya miti, alikuwa anajifanya hasikii.

Alipangiwa Shumba, kaskazini. Miezi ya mwanzo hakupata hata mtu mmoja wa kuzungumza naye. Sheha, kiongozi wa pale, alimwelekeza kwa Mzee Duni, mshona nyavu wa Shumba Viamboni ambaye kila mtu alijua anaumwa na hakuna aliyesema. Ngwali akafika, akapiga hodi.

"Duni hayupo," ikasema sauti ya kiume toka ndani.

"Nani anayezungumza?"

"Duni."

Ngwali akafikiri kidogo. "Basi nikimsubiri, atarudi saa ngapi?"

"Wewe ukishaondoka."

Akaondoka. Wiki iliyofuata alirudi, na Duni akawa hayupo vilevile. Nyumba nyingine aliambiwa mwenye nyumba yuko Unguja, na huku miguu ya mwenye nyumba inaonekana chini ya pazia.

Kazi ikawa imekwama kule Shumba. Huku kwao Mgogoni, bila yeye kujua, ilikuwa inasonga mbele kwa namna yake. Watu walikuwa wamekaa kitako wakaijadili. Kijana amesoma mpaka chuo kikuu, maradhi yako chungu nzima duniani, naye katika yote amekwenda kuchagua mshipa. Mtu hutafuta alichopoteza, au hutafuta dawa ya kinachomsumbua. Kwa nini azunguke kutwa akiuliza habari za mshipa kama si mwenyewe?

Ngwali alianza kuhisi jambo siku alipokwenda kuchukua suruali yake kwa Fundi Mmanga, ambaye alikuwa akimshonea tangu yuko skuli. Aliijaribu pale pale nyuma ya pazia. Kiuno kilikuwa sawa, urefu sawa, ila pale miguu inapogawana paliachwa nafasi ya kufugia kuku.

"Fundi, mbona hivi?"

"Nimekuachia nafasi, mwanangu."

"Nafasi ya nini?"

Mmanga akachungulia mlangoni, akashusha sauti. "Mie sisemi kitu. Siri ya mteja haitoki kwangu."

"Fundi, mie nasoma habari za wenye mshipa. Mwenyewe sina."

"Naam," akasema Mmanga kwa upole mkubwa. "Na mie ndivyo ninavyowajibu wanaponiuliza."

Toka siku ile Ngwali akawa anaona mambo. Barazani, akitaka kukaa, kuna mtu husogeza mto mdogo bila kumtazama. Msikitini watu wa ubavuni mwake humwachia upana wa mtu mzima, mpaka imamu ageuke na kuhimiza watu wafunge safu, nao wafunge kwa kusogeleana upande wa pili. Kwenye mavuno ya mpunga wa jirani yao, wakati wa kupumzika, kila mtu alipewa dafu isipokuwa yeye, aliyeletewa kikombe cha chai. Wazee wa kwetu wameshika kuwa madafu huzidisha mshipa. Ngwali alikuwa na kiu ya jua la mchana, na madafu yale yalikuwa ya mnazi wa kwao.

Bi Siti yeye alikuwa na lake.

"Bora ungesoma malaria," alimwambia mwanawe, anakuna nazi, hamtazami. "Malaria ni maradhi ya adabu. Sote tumeugua, na hakuna anayemtazama mtu suruali."

"Mama, na hawa nao ni wagonjwa."

"Nimekataa? Nimesema wapate mtafiti mwengine, mwenye mke na watoto wake, ambaye hata akisemwa haimdhuru kitu."

Na kweli Ngwali hakuwa na mke, na alikuwa anataka. Lakini kabla ya hilo, uvumi ulitoka Mgogoni ukafika Shumba.

Siku hiyo alipiga hodi kwa Mzee Duni kwa mazoea tu, hana tamaa. Mlango ukafunguliwa wote. Duni, mtu wa makamo mwenye ndevu za kijivu na macho ya kucheka, akamshika mkono wake kwa mikono miwili.

"Ingia, mwenzetu. Ungesema toka mwanzo tusingekusumbua. Kaa hapa, hiki kigoda ni cha namna yetu."

Ngwali alikaa. Kilikuwa kigoda kizuri, kimechongwa kwa busara. Duni akazungumza mpaka adhana ya alasiri. Alieleza alivyoacha kwenda pwani kwa sababu ya watoto wanaomfuata nyuma wakiimba, na namna binti yake alivyoolewa yeye akiwa chumbani, anasikiliza sherehe kupitia dirisha. Alieleza pia kuwa alipokuwa kijana, ukweni, kwa msichana aliyemposa, walimwita kuchuma karafuu, na alipokataa kupanda, mtu mmoja akamwambia, "Mzigo wako uache chini, sisi tutauangalia." Watu walicheka, na yeye akarudi kwao kwa miguu. Mke aliyempata baadaye alikuwa mwengine.

Baada ya Duni wakaja wengine. Walimwita kwenye nyumba zao, wakawaita na wenzao wa vijiji vya jirani, wakamkaribisha muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga, wakasema yote. Dokta Khairat alisikiliza mazungumzo yale yaliyonaswa, akafurahi, halafu akaacha kufurahi.

"Mbona kila mtu anasema sisi?" aliuliza. "Sisi tunaonewa, sisi tunajificha. Sisi nani?"

Ngwali akamweleza.

"Basi rudi ukawaambie kweli. Mtu akikufungulia moyo kwa kudhani wewe ni mwenzake, ukanyamaza, umemwibia."

Alirudi. Aliwakusanya nyumbani kwa Duni, akasimama mbele yao, akasema kuwa anawaomba radhi, yeye hana mshipa, hajapata kuwa nao, na kama yupo atakayetaka maneno yake yafutwe yatafutwa.

Hakuna aliyekasirika. Walitazamana kwa huruma.

"Mie nilikana mpaka mke wangu akazaa mtoto wa tano," alisema mmoja.

"Mie nilisema ni pochi," akasema mwengine.

Duni akamsogezea kile kigoda. "Kaa, mwanangu, usijichoshe. Itakuja siku utasema mwenyewe."

Ngwali akajaribu kueleza tena, na kila alivyozidi kueleza ndivyo walivyozidi kutikisa vichwa, kwa sababu hivyo hivyo ndivyo walivyokuwa wakieleza wao.

Sasa habari ya mke. Alikuwa Mwanawema, mwalimu wa skuli huko Mtambile, msichana wa maneno machache na kicheko cha ghafla. Walijuana siku Ngwali alipokwenda kuwasomesha walimu habari za mbu, na Mwanawema akawa peke yake aliyeuliza swali. Mjomba wake Ngwali, Mzee Talib, akapeleka posa. Baba wa msichana, Mzee Abdulsamad, hakuwa na neno. Mwenye neno alikuwa dada yake, Bi Mize, shangazi aliyemlea Mwanawema tangu mama yake alipofariki.

"Kijana tunasikia ana tabia njema," alisema Bi Mize toka nyuma ya pazia. "Ila lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja."

Talib alirudi na maneno hayo Mgogoni. Ngwali akayatafakari usiku na mchana. Kwa hesabu ya Bi Mize, ama anao, ama ataupata. Hapakuwa na mlango wa tatu.

Haikupita muda akaitwa Mtambile. Ulikuwa msimu, na salamu zilisema mkwe mtarajiwa aje asaidie kuchuma. Alipofika shambani alikuta jamvi limetandikwa, Mzee Abdulsamad na jamaa wamelizunguka kama wanaochambua, ila hakuna mkono unaocheza. Wote walikuwa wanautazama mkarafuu mmoja.

"Karibu, mwanangu," akasema Bi Mize, mwanamke mnene mwenye uso mzuri na jicho lisilolala. "Lile tawi la juu limetushinda. Tunakuomba wewe kijana."

Ngwali alisimama chini ya mkarafuu, akautazama. Alimkumbuka Duni. Akajiambia kuwa akipanda mti ule ili watu waone hana kitu, atakuwa amekubali kuwa mwenye kitu si wa kuozwa, na yote aliyowaambia wale wazee wa Shumba yatakuwa porojo. Hilo lilikuwa wazo zuri na alilifikiri kweli. Ni kweli vilevile kwamba mkarafuu ulikuwa mrefu, na magoti yalikuwa yameshaanza. Lipi lilitangulia, hata yeye mwenyewe hawezi kuapa.

"Bi Mize, samahani," alisema. "Mie sipandi."

"Kuna nini, mwanangu?"

"Hakuna kitu. Mkitaka nichambue, nitachambua mpaka magharibi. Lakini kupanda ili nikaguliwe, sipandi."

Watu wakainamia karafuu. Bi Mize akashusha pumzi ya mtu aliyepata alichokuja kukitafuta. Ngwali alikaa jamvini akachambua, na alichambua vizuri kuliko wote, na hilo halikumsaidia.

Jioni ile ile Mwanawema alimpigia simu.

"Nakuuliza mara moja tu," alisema. "Unao au huna?"

"Sina. Lakini ningekuwa nao?"

"Ningekwambia ukatibiwe. Na usipotaka ningekuburura."

"Ungenikubali?"

"Mie naolewa na mtu, siolewi na suruali. Lakini shangazi simuwezi, Ngwali. Kashawaambia mpaka majirani kuwa ulishindwa kunyanyua mguu."

Posa ikasimama. Hawakukataa wala hawakukubali, walisema tu wanafikiri. Ngwali alikonda. Alirudi kazini kwa hasira kidogo, na hasira ile ilikuwa na faida, kwa sababu mradi ulikuwa umeandaa kambi ya upasuaji kwenye hospitali moja ya kisiwani, na kazi yake sasa ilikuwa kuwashawishi wazee wa Shumba waende. Walimsikiliza kwa adabu.

"Tutakwenda," akasema Duni kwa niaba ya wote, "ukitutangulia."

"Nitakuja na nyinyi. Nitakuwa nanyi mpaka mwisho."

"Sawasawa," akasema Duni, akawakonyeza wenziwe.

Wakenda. Duni alikuwa wa kwanza kuitwa. Mlangoni pa chumba cha upasuaji alishika fremu kwa mikono yote miwili, akasema haingii bila Ngwali. Daktari alikuwa na wagonjwa wengi na muda mdogo. Akasema sawa, kijana avalishwe nguo za kijani aingie amshike mkono mzee. Muuguzi akamvisha Ngwali gauni, kofia na barakoa. Ngwali akaingia, akamshika Duni mkono, akamwambia asiogope, si kitu, hatasikia chochote. Alikuwa anayasema hayo alipogeuka akaiona sindano ya kuchomwa mgongoni.

Anachokumbuka baada ya hapo ni dari.

Alianguka chali kwa kishindo, akavuta meza ndogo ya vyombo. Duni, aliyekuwa anatetemeka juu ya kitanda, akamtazama pale chini, akaanza kucheka. Alicheka mpaka daktari akamwambia, "Mzee, tulia, siwezi kukuchoma unatikisika." Hofu yote ikamtoka. Wahudumu wawili wakampakia Ngwali kwenye machela, na gauni lake la kijani, na mdomo wazi, wakampitisha ukumbini mbele ya jamaa wote wa wagonjwa waliokuwa wamekaa wakisubiri.

Miongoni mwao alikuwamo mtu wa Mgogoni aliyemleta mkewe kliniki. Kabla Ngwali hajafumbua macho, Mgogoni ilikuwa imeshajua. Alipokuwa anakunywa maji ya sukari aliyopewa na muuguzi, Mtambile nayo ilikuwa imeshajua.

Alirudi nyumbani siku ya pili, baada ya kuhakikisha wazee wake wote wamepasuliwa na wako salama. Alikuta godoro limetandikwa ukumbini, shuka mpya, na wanawake wamejaa na mabakuli ya supu. Walikuwa wamekuja kumtazama mgonjwa. Fundi Mmanga alikuwepo barazani, amekuja na suruali nyengine chini ya kwapa, hii ameishona kwa kipimo cha kawaida.

Bi Siti alimvuta mwanawe pembeni. "Lala," alinong'ona.

"Mama, mie si mgonjwa. Nilizimia tu."

"Najua. Lala. Wametoka mbali."

Ngwali akalala. Akanyweshwa supu ya kuku, akanyweshwa ya pweza, na mtu mmoja alileta dafu, akasema sasa ni halali yake. Kila aliyeingia, Ngwali alimwambia kweli, kuwa hakupasuliwa, na kila mmoja alimjibu, "Pumzika, usizungumze sana."

Bi Mize alifika mwenyewe toka Mtambile, na mkate wa kumimina. Alikaa karibu na godoro, uso umefunguka.

"Alhamdulillahi," alisema. "Siku ile uliponiambia hupandi, nilijua huyu ana sababu. Sasa sababu imeondoka. Tuzungumze siku ya nikaha."

Ngwali akainuka akakaa. "Bi Mize, sitaki kukudanganya. Mie sikupasuliwa. Niliingia kumshika mkono mzee mmoja, nikaona sindano, nikazimia."

"Ulizimia."

"Naam."

"Na mtu aliyezimia anajua alichofanyiwa?"

Ngwali akajivutia shuka mpaka kiunoni.

"Ulipozinduka," Bi Mize akaendelea, "ulikuwa umevaa nguo zako?"

"Nilikuwa na zile za kijani."

"Basi," akasema Bi Mize, akamkatia kipande cha mkate.

Walipoondoka wote, akampigia Mwanawema.

"Shangazi anasema umepona," alisema Mwanawema. Ilikuwa wazi anajizuia kucheka.

"Sikuwa na cha kupona. Nimemwambia, hasikii. Kinachoniuma si hicho. Kinachoniuma ni kuwa wamenikubali kwa kuwa nimepona. Na yule ambaye hajapona, yuko vile vile kwake, nyuma ya pazia."

Mwanawema akaacha mzaha. "Kweli," alisema. "Lakini huyo hatumtoi kwa kuahirisha nikaha. Tuoane, kisha tumfuate. Mie nitapiga hodi, wewe utazungumza."

Wakaoana Mtambile, baada ya Isha, msikiti umejaa mpaka nje. Mzee Duni na wenziwe walikuja na gari ya kukodi toka Shumba, wote wamevaa kanzu mpya zilizobana, wanatembea kwa madaha ya watu wasiozoea wepesi. Duni alikwenda moja kwa moja safu ya mbele, akakaa, na kila aliyemsogelea alimwambia kuwa bwana arusi ndiye aliyewatangulia. Ngwali alimsikia, akamwachia.

Walipokuwa wanasubiri kunawa mikono kwa ajili ya biriani, mtu mmoja wa upande wa bibi arusi, ambaye Ngwali hakumjua, akamsogelea. Alikuwa mtu mzima mwenye msuli na koti, amesimama kiupande. Alitazama huku na huku, akainama sikioni mwa Ngwali.

"Samahani, bwana arusi," alinong'ona. "Iliuma?"

Ngwali alikuwa na jawabu lake la siku zote mdomoni, lile la kuwa yeye hajapasuliwa. Akamtazama yule mtu, akalimeza.

"Yule pale aliyekaa mbele anaitwa Mzee Duni," alimwambia. "Yeye anajua vizuri kuliko mie. Twende nikakujulishe naye."

Akamshika mkono, akampitisha katikati ya watu taratibu, na Duni alipowaona wanakuja, akajisogeza kando na kuwapa nafasi ya kukaa.